Tabia, Maumbile na Malezi: Historia ya Ubishi Mmoja na Nafasi ya Lugha Ndani Yake

Neno tabia, ambalo Mswahili hulitumia kila siku kumsifu au kumlaumu mtu, limetoka katika Kiarabu, ambamo asili yake ina maana ya maumbile: jinsi kitu kilivyoumbwa na kupigwa chapa tangu mwanzo. Katika Kiswahili maana yake imepanuka. Msemaji asemapo "tabia ya nchi" hutaja hali ambayo nchi haikufundishwa na mtu yeyote. Lakini asemapo "mtoto huyu amejifunza tabia mbaya", neno lile lile huwa limekwisha kuhamia upande wa mafunzo na mazoea. Methali nazo zimegawanyika vivyo hivyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema moja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, husema ya pili. Wazee walizitumia zote mbili bila kuona haya, kila moja kwa wakati wake, na hakuna aliyewataka wachague moja na kuitupa nyingine.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wa Ulaya na Marekani hawakuridhika na amani ya namna hiyo. Kwa muda wa miaka mia moja na zaidi walishindania upande mmoja ushinde: ama maumbile, ama malezi. Habari za mashindano hayo zinawahusu wasomi wa lugha kwa sababu mbili. Kwanza, lugha ndiyo iliyokuwa uwanja ambamo pande hizo zilikutana uso kwa uso na madai yao yakapimwa. Pili, moja kati ya majibu yaliyotolewa huko liliingia katika madarasa ya Afrika Mashariki na kuitolea hukumu lugha ambayo mtoto hutoka nayo nyumbani.

I. Maumbile kama hukumu

Aliyeyaweka maneno haya mawili pamoja kama washindani katika elimu ya kisasa ni Mwingereza Francis Galton, binamu yake Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka wa 1874 juu ya wanasayansi wa Uingereza. Galton aliamini kwamba vipawa vya akili hurithiwa kama urefu na rangi ya macho hurithiwavyo, na kwamba malezi huongeza machache tu juu ya kile ambacho mtu amezaliwa nacho. Mwaka wa 1883 alibuni jina la taaluma ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua watakaozaa. Imani hiyo ilienea upesi, na haikubaki vitabuni. Nchini Marekani ilichangia sheria ya mwaka wa 1924 iliyobana wahamiaji wa mataifa yaliyodhaniwa kuwa duni, na mwaka wa 1927 mahakama kuu ya nchi hiyo iliidhinisha sheria ya jimbo la Virginia ya kuwafunga uzazi watu waliohesabiwa kuwa na akili pungufu.

Kenya ya wakoloni haikukosa sehemu yake. Mwaka wa 1933 walowezi na madaktari kadha walianzisha mjini Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari za watu. Kiongozi wao, Dr. H. L. Gordon, alishikilia kwamba akili ya Mwafrika ilikuwa na upungufu wa kuzaliwa, na akatia shaka kama elimu ya Kizungu ilikuwa inafaa kupewa watu wa namna hiyo. Mwaka wa 1934 mwenzake F. W. Vint alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza taarifa iliyodai kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya ulikuwa mwepesi na gamba lake jembamba kuliko ule wa Mzungu. Gordon aliomba fedha London ili uchunguzi uendelee, lakini serikali ya Uingereza ilikataa. Hoja yenyewe ilikuwa dhaifu, kwa sababu haikutenganisha urithi na lishe, maradhi na umaskini wa wale ambao bongo zao zilipimwa. Lakini yafaa ikumbukwe jinsi ilivyokusudiwa kutumiwa. Mtu akishahesabiwa kuwa ameumbwa pungufu, shule huwa ni hasara, na anayemnyima shule huonekana kuwa mwenye hekima.

Ni katika hali hiyo ya dunia ndipo fundisho la kinyume, lililosema kwamba malezi ndiyo yote, lilipovuma kama habari njema.

II. Watson na mtoto aliye mtupu

Mwaka wa 1913 mwanasaikolojia Mmarekani John B. Watson alichapisha makala fupi yenye shabaha kubwa. Alitaka elimu ya nafsi iache kabisa habari za nafsi. Fikra, hisia na nia, alisema, hazionekani wala hazipimiki. Kinachoonekana ni tendo. Basi kazi ya mtaalamu ni kujua kichocheo gani huleta mwitiko gani, iwe kwa panya, njiwa au mtu. Wafuasi wa fundisho hili, ambao hapa wataitwa wanatabia, walikuwa wameona mfano katika kazi ya Mrusi Ivan Pavlov, aliyeonyesha kwamba mbwa aliyezoea kupata chakula baada ya ishara fulani hatimaye hudondokwa na mate kwa ishara peke yake.

Mwaka wa 1920 Watson na mwenzake Rosalie Rayner walitoa taarifa ya jaribio ambalo limebaki kuwa maarufu na la kusikitisha. Mtoto mchanga, ambaye katika taarifa aliitwa Albert, alionyeshwa panya mweupe, na hakumwogopa. Alipofikia umri wa miezi kumi na mmoja, kila alipomgusa panya huyo nyundo iligongwa juu ya chuma nyuma yake. Baada ya mara chache mtoto alilia kwa kumwona panya tu, na hofu yake ikahamia kwa sungura na vitu vingine vyenye manyoya. Mtoto aliondolewa hospitalini kabla hofu hiyo haijatibiwa. Kwa Watson, jaribio lilithibitisha kwamba hofu hufumwa na malezi.

Katika kitabu chake juu ya nadharia ya tabia, kilichotokea katikati ya miaka ya 1920, Watson alitoa ahadi inayotajwa hata leo: apewe watoto wachanga kumi na wawili wenye afya, naye atamchagua yeyote na kumfanya awe daktari, mwanasheria, mchoraji au hata mwizi, bila kujali vipawa vyake wala mbari ya wazazi wake. Wanaoitaja ahadi hiyo mara nyingi husahau kwamba Watson mwenyewe alikiri pale pale kuwa alikuwa anavuka mpaka wa ushahidi alio nao, ila akasema wapinzani wake wamefanya hivyo kwa maelfu ya miaka. Yaani alijua kwamba anabishana, na alijua anabishana na nani.

Hapana budi kumpa Watson haki yake. Katika nchi na wakati ambapo serikali zilikuwa zinawapanga watu kwa damu, alisema kwamba damu haiamui chochote. Lakini ahadi yake ilikuwa na upande wa pili. Mtoto asiyekuja na upungufu wowote, katika fundisho hili, hakuja pia na kitu chochote cha maana. Ni udongo mikononi mwa mfinyanzi. Kila kitu kinategemea anayefinyanga, na udongo hauulizwi. Watson mwenyewe, baada ya kulazimishwa kuacha kazi ya chuo kikuu mwaka wa 1920, alihamia katika kampuni ya matangazo ya biashara mjini New York, ambako elimu ya kuamsha miitikio ya watu ilipata mnunuzi tayari.

III. Lugha yahesabiwa kuwa tabia

Fundisho hili lilipoifikia isimu halikukuta mlango umefungwa. Leonard Bloomfield, katika kitabu chake kikuu Language cha mwaka wa 1933, alieleza maana ya usemi kwa kisa cha Jack na Jill. Jill ana njaa, anaona tofaa mtini, anatoa sauti kwa koo na ulimi wake, na Jack anapanda mti na kumletea tofaa. Usemi, katika maelezo hayo, ni kichocheo na mwitiko vilivyokaa pahali pa vichocheo na miitikio mingine. Isimu ya Bloomfield ilinufaika kwa ukali wake wa kuchunguza sauti na maumbo, na lugha nyingi za Afrika zilichambuliwa vizuri kwa mbinu zake. Hata hivyo swali la jinsi mtoto apatavyo lugha lilibaki na jibu moja tu: huizoea.

Aliyejaribu kulikamilisha jibu hilo ni B. F. Skinner wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa panya na njiwa waliofungiwa katika visanduku alikuwa ameonyesha kwamba tendo linalofuatwa na tuzo huongezeka, na kwamba kwa kugawa tuzo hatua kwa hatua mnyama huweza kufunzwa mambo ya ajabu. Mwaka wa 1934, kwenye meza ya chakula, alikuwa akimweleza mwanafalsafa Alfred North Whitehead habari hizo kwa bidii. Whitehead alikubali kwamba huenda sayansi hiyo ikaeleza matendo mengi, isipokuwa usemi, na akamtaka amweleze kwa nini yeye, Whitehead, ameketi pale akisema kwamba hakuna nge mweusi anayeanguka mezani. Skinner alianza kupanga kitabu chake asubuhi iliyofuata. Kilitoka mwaka wa 1957, kwa jina la Verbal Behavior, miaka ishirini na mitatu baada ya chakula kile.

Kwa kitabu hicho, mtoto hujifunza kusema kama njiwa ajifunzavyo kudonoa kitufe. Hutoa sauti nyingi, zile zinazofanana na maneno hupata tuzo, yaani tabasamu, maziwa, jina lake kuitwa, nyingine hufifia. Sentensi ni mnyororo wa miitikio, kila pete ikivutwa na ile iliyotangulia.

IV. Hoja ya Chomsky na ushahidi wa vitabu

Mwaka wa 1959 mwanaisimu kijana Noam Chomsky alichapisha katika jarida la Language tahakiki ya kitabu cha Skinner ambayo imesomwa pengine kuliko kitabu chenyewe. Hoja yake ya kwanza ilihusu istilahi. Ndani ya kisanduku cha njiwa, maneno kichocheo, mwitiko na tuzo yana maana kamili inayopimika. Yakitolewa humo na kupachikwa katika mazungumzo ya watu, hubaki na sauti ya sayansi bila maana yake. Mtu akitazama picha ukutani anaweza kuitaja nchi ya mchoraji, au kusema kwamba haipatani na rangi ya ukuta, au kwamba imetundikwa chini mno. Kila mara mwanatabia atasema kwamba kichocheo kilikuwa sifa hiyo ya picha. Lakini kichocheo kinachojulikana tu baada ya mwitiko kutoka hakielezi kitu. Hoja ya pili ilihusu uzalishaji: kila msemaji hutunga na kuelewa sentensi ambazo hajapata kuzisikia, na mnyororo wa mazoea hauwezi kueleza jambo hilo.

Msomi wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi wa hoja hii. Kiarabu kilikipa Kiswahili neno kitabu. Katika Kiarabu silabi ya kwanza ni sehemu ya mzizi, na wingi wake huundwa kwa kubadili irabu za ndani. Waswahili hawakuuchukua wingi huo. Waliisikia ki- wakaifanya kiambishi cha ngeli, na wakasema vitabu. Sauti iliyokuwa mzizi ikakatwa kama kisu kikatavyo mkate, kwa sababu sarufi iliyokuwa vichwani mwa wasemaji ilidai hivyo. Kadhalika maneno mawili ya Kiingereza yaliyowaamuru madereva wapite kushoto yalizaa kipilefti, na kipilefti kikazaa vipilefti. Neno la Kiingereza la bamba la kukinga matope ya gurudumu lilipokewa kama madigadi, likasikika kama wingi, na umoja wake ukawa digadi. Hakuna aliyekuwa amelisikia neno vitabu kabla ya kutamkwa mara ya kwanza, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa amepewa tuzo kwa kulitamka. Aliyelitamka alikuwa na kanuni, na kanuni haionekani wala haisikiki. Huonekana matunda yake tu.

Ushahidi kama huo ulikwisha kupatikana kwa watoto. Mwaka wa 1958 Jean Berko aliwaonyesha watoto wa Kimarekani picha za viumbe wasiokuwako duniani, wenye majina aliyoyabuni mwenyewe, akawauliza wingi wake. Watoto waliutoa kwa kanuni, ingawa neno lilikuwa geni kabisa. Mwaka wa 1970 Roger Brown na Camille Hanlon walionyesha kwamba wazazi waliowachunguza hawakuwa wakigawa tuzo kwa sarufi hata kidogo: walikubali maneno ya mtoto yakiwa ya kweli ingawa sarufi yake ilikuwa mbovu, na waliyakataa yakiwa ya uongo ingawa sarufi ilikuwa safi. Mgawaji wa tuzo ambaye Skinner alimtegemea hakuwako kazini.

Hata nyumbani mwa wanatabia wenyewe mambo hayakuwa shwari. Keller na Marian Breland, waliokuwa wanafunzi wa Skinner na ambao waliishi kwa kufunza wanyama kwa maonyesho, waliandika mwaka wa 1961 kwamba wanyama wao walikuwa wanaasi. Nguruwe aliyefunzwa kubeba sarafu za mbao na kuzitia katika kibubu alianza kuziangusha njiani na kuzifukua kwa pua, ingawa kwa kufanya hivyo alichelewesha chakula chake. Maumbile ya nguruwe yalikuwa yakidai haki yake chini ya mazoea yote aliyopewa.

V. Mazoea yaingia darasani

Vitabuni, basi, nadharia ya tabia ilikuwa imeanza kutikisika mwishoni mwa miaka ya 1950. Darasani ndipo kwanza ilipokuwa inapanda kitini. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili jeshi la Marekani lilihitaji watu wa kusema lugha za kigeni upesi, na wanaisimu wakatunga mafunzo ya kusikiliza, kuiga na kurudia. Baada ya vita Charles Fries wa Chuo Kikuu cha Michigan aliijenga njia hiyo kwa ajili ya Kiingereza. Mwaka wa 1957, ule ule wa kitabu cha Skinner, mwenzake Robert Lado alitoa kitabu kilichoweka msingi wa ulinganishaji wa lugha kwa walimu. Fundisho lilikuwa hili: lugha ni mfumo wa mazoea, mazoea ya lugha ya kwanza huhamia katika ya pili, pale lugha mbili zinapotofautiana, mazoea ya kwanza huzuia ya pili, na kosa ni alama ya zoea la zamani ambalo halijang'olewa.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Fundisho lililoanza kwa kumtetea mtoto dhidi ya hukumu ya damu sasa liliitolea hukumu lugha yake. Mtoto hakuwa tena na ubongo pungufu. Alikuwa na mazoea mabaya. Kikamba, Kiluo, Kigiriama au Kiswahili alichotoka nacho nyumbani hakikuhesabiwa kuwa elimu aliyokuja nayo bali kizuizi cha kuondolewa, na kadiri alivyowahishwa kutengwa nacho ndivyo ilivyodhaniwa kuwa bora.

Mwezi wa Januari 1961 nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana Makerere, Uganda, kuzungumza juu ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Miongoni mwa misimamo iliyotoka katika mkutano huo ni kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza, na kwamba kikianzwa mapema zaidi ndipo matokeo huwa mema zaidi. Mtaalamu Robert Phillipson, mwaka wa 1992, aliichambua misimamo hiyo na kuiita upotofu. Haikuwa kwamba maoni tofauti hayakuwako: tangu mwaka wa 1953 taarifa ya UNESCO ilikuwa imeshauri mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya nyumbani kwao. Nchini Kenya mpango wa kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, uliobuniwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, ulienea haraka, na tume ya Profesa Ominde ya mwaka wa 1964 iliuunga mkono. Si haki kusema kwamba nadharia ya tabia peke yake ndiyo iliyouleta. Palikuwa na siasa, palikuwa na umoja wa taifa jipya, na palikuwa na wazazi waliotaka mlango wa ajira ufunguke. Lakini nadharia hiyo ilitoa lugha ya kitaalamu ya kuuhalalisha, na wakubwa hupenda kuambiwa na wataalamu kwamba wanalotaka kulifanya ni sayansi.

Kuna chombo kimoja cha shule za Kenya ambacho wengi waliosoma huko wanakikumbuka, yaani kile kipande kilichovishwa au kukabidhiwa mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya kwao. Alikipokeza kwa mwenzake aliyekosa vile vile, na jioni wote waliokishika waliadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o amekisimulia katika kitabu chake cha mwaka wa 1986, Decolonising the Mind. Kipande hicho hakikubuniwa na wanatabia; shule za Wales zilikuwa na cha namna yake katika karne ya 19, kabla Watson hajazaliwa. Hata hivyo utendaji wake ni ule ule wa nyundo na panya: sauti ya nyumbani iambatanishwe na uchungu mpaka iogopwe. Na ajabu ni kwamba Skinner mwenyewe angekipinga. Alishikilia mara nyingi kwamba adhabu hulinyamazisha tendo kwa muda tu, bila kulifunza lingine mahali pake. Waliotumia adhabu hawakuwa wanafunzi wake wazuri.

VI. Kosa lageuka kuwa ushahidi

Ugeuzi ulikuja kwa njia ya kosa lenyewe. Mwaka wa 1967 S. Pit Corder wa Edinburgh aliandika kwamba makosa ya mwanafunzi yasitazamwe kama takataka bali kama habari. Humwambia mwalimu mwanafunzi amefika wapi, na humwonyesha mtafiti kanuni ambazo mwanafunzi anazijaribu. Mwaka wa 1972 Larry Selinker aliipa jina ile lugha ya njiani ambayo mwanafunzi huijenga kati ya lugha yake na ile anayoiendea, yenye utaratibu wake wenyewe.

Mfano utalifafanua jambo hili. Msemaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza huweza kusema "the people who I saw them". Mfuasi wa Lado angesema kwamba zoea la zamani limevuja. Lakini neno niliowaona lina -o- ya urejeshi na -wa- ya mtendwa pamoja, kila moja mahali pake. Anayesema "who" na "them" katika sentensi moja amefanya kazi ya mwanaisimu: amechanganua umbo la lugha yake, akatafuta lililo sawa nalo katika lugha nyingine, akajaribu kulijenga. Amekosea jibu, lakini kazi ya hesabu ameifanya. Na akisema "goed" badala ya "went", kosa hilo halikutoka Kiswahili wala lugha yoyote ya Kibantu, maana watoto wa Kiingereza nao hulifanya. Limetoka mahali pale pale palipotoka vitabu na vipilefti.

Kwa mtazamo huu lugha ya kwanza si kutu ya kukwanguliwa. Ndiyo sarufi ya kwanza ambayo akili imeijenga, na ndiyo zana ambayo kwayo hujenga ya pili. Nchini Kenya, tume ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza. Ni vigumu kusema kwamba isimu ndiyo iliyoleta pendekezo hilo, lakini kufikia wakati huo isimu haikuwa tena na sababu ya kulipinga.

VII. Mpaka wa maumbile

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kutangaza ushindi wa maumbile. Historia hairuhusu. Wafuasi wa Chomsky nao waliweza kuvuka mpaka wa ushahidi, na mara hii lugha za Afrika ndizo zilizowarudisha. Kwa kuwa watoto wa Kiingereza huchelewa kutumia kauli ya kutendwa, baadhi yao walidai katika miaka ya 1980 kwamba sehemu hiyo ya sarufi hukomaa yenyewe kwa umri, kama meno. Mwaka wa 1989 Katherine Demuth alionyesha kwamba watoto wa Lesotho huitumia kauli hiyo kabla ya kufikia miaka mitatu. Katika Kisotho kauli hiyo ina kazi kubwa na watu wazima huitumia mara kwa mara. Watoto hao hawakuumbwa tofauti na wa Boston. Walilelewa katika lugha tofauti.

Uchunguzi wa Kamil Ud Deen juu ya watoto wanne wa Nairobi, uliochapishwa mwaka wa 2005, unafundisha vivyo hivyo. Watoto hao mara nyingi waliacha kiambishi cha nafsi au cha wakati, lakini vokali ya mwisho ya kitenzi hawakuiacha. Uchaguzi wa namna hiyo si wa kubahatisha. Lakini pia katika Kiswahili cha mitaa ya Nairobi watu wazima wenyewe husema "mekuja" pahali pa "amekuja". Basi sehemu ya upungufu wa mtoto imetoka masikioni mwake, na sehemu imetoka kwake mwenyewe.

Siku hizi ubishi umefufuliwa na programu za kompyuta ambazo, kwa kulishwa maandishi mengi mno na bila kufundishwa sarufi, hutunga sentensi zilizo sawa. Wapo wanaosema kwamba hatimaye Skinner amelipiziwa kisasi. Ingefaa wasiharakishe. Kiasi cha maneno ambacho programu hizo huhitaji ni kikubwa mara nyingi kuliko yale anayoyasikia mtoto mpaka anapojua kusema, na mtoto wa Lamu au Bukavu huijua sarufi ya kwao bila kusoma hata ukurasa mmoja. Zimeonyesha kwamba mengi hupatikana kwa kusikia; hazijaonyesha kwamba mtoto hupata hivyo.

Hitimisho

Katika historia hii yote, hatari haikuwa upande mmoja. Waliosema maumbile ndiyo yote walimfungia mtoto mlango wa shule kabla hajafika. Waliosema malezi ndiyo yote walimfungulia, kisha wakamtaka avue lugha yake kizingitini. Walitofautiana juu ya mtoto alivyo, lakini walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba hakuna alichokileta cha kuwafaa. Ushahidi wa lugha unakanusha makubaliano hayo. Mtoto huja na uwezo wa kuunda kanuni, nao uwezo huo hauna cha kuunda mpaka apewe lugha ya watu walio karibu naye. Bila uwezo huo kusingekuwa na vitabu, na bila watu hao kusingekuwa na ki- wala vi-. Neno tabia limezibeba maana zote mbili tangu lilipofika pwani, na Waswahili hawakuona haja ya kuipunguza hata moja.